Kodi Yetu na Sura ya Miji Yetu

Kila mwaka msimu wa bajeti unapowadia, hoja hurudi ileile: fedha ni chache, mahitaji ni mengi, na kila shilingi ina watu kumi wanaoigombea. Katika kugombea huko kuna jambo moja lisilopata msemaji, nalo ni sanaa ya mahali pa umma: sanamu za njia panda, michoro ya kuta za shule na zahanati, nakshi za milango ya mahakama, vigae vya rangi kwenye stendi ya mabasi. Tukisikia kwamba serikali au halmashauri imetenga fedha kwa kazi za namna hii, wengi wetu huuliza kwanza kama dawa zimekwisha kununuliwa. Swali hilo ni la haki, na nitalijibu. Lakini nia yangu leo ni kutetea msimamo kwamba serikali ina wajibu wa kutumia fedha za umma kwa sanaa hiyo, kwa kiasi kidogo kinachojulikana na kwa utaratibu ulio wazi. Sababu yangu kubwa ni kwamba mahali pa umma hapakai kimya hata siku moja. Siku zote pana anayesema. Mwananchi asipogharimia neno lake pale, atagharimia mwingine, na atakalosema litakuwa lake huyo mwingine.

Ushahidi wa hilo hatuna haja ya kuufuata mbali. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, ofisa aliyeletwa kuvunja upinzani wa watu wa pwani ulioongozwa na Abushiri bin Salim mwaka 1888 na 1889. Wissmann alisimama juu. Chini yake askari wa Kiafrika alimwinulia macho huku akimfunika simba aliyekufa kwa bendera ya Ujerumani. Hata asiyejua herufi moja alielewa anaambiwa nini. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa sanamu hiyo, na mwaka 1927 wakazindua ya kwao: askari wa shaba aliyeelekeza singe ya bunduki yake upande wa bandari, ambaye hadi leo yupo kwenye makutano ya Barabara ya Samora na Mtaa wa Maktaba. Aliyemchonga ni Mwingereza, James Alexander Stevenson, na maneno ya kumbukumbu yaliyoandikwa kwenye msingi wake yalitungwa na Rudyard Kipling. Mwaka 1928 Nairobi nayo ilipata kumbukumbu yake, watu watatu wa shaba, na mmoja wao ni mpagazi.

Tuitazame tena kazi ile ya Dar es Salaam. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia huku Afrika Mashariki, waliokufa kwa wingi kuliko wote walikuwa wapagazi, makumi ya maelfu ya watu waliochukuliwa vijijini wabebe risasi na vyakula, wakaangamia kwa njaa, kuhara na uchovu. Kariakoo imepata jina lake kwa kikosi chao. Lakini pale katikati ya jiji, aliyepandishwa juu ya msingi na kuonekana kutoka pande zote ni mwenye bunduki. Sidharau ustadi wa kazi ile, wala sisemi ivunjwe. Ninachosema ni kwamba nani akumbukwe, ameshika nini na anatazama wapi, yote hayo yaliamuliwa na watawala wa siku hizo, nasi tumeendelea kuyaona kila siku kwa karibu miaka mia moja. Mombasa hali ni hiyohiyo. Pembe za ndovu zinazovuka Barabara ya Moi, ambazo leo ndizo alama ya mji kwenye kadi za posta na fulana za watalii, ziliwekwa miaka ya 1950 kuwapokea wageni wa familia ya kifalme ya Uingereza. Pambo la kumkaribisha mgeni limegeuka kitambulisho cha mwenyeji, kwa kuwa mwenyeji hakuwahi kuulizwa angependa atambulishwe kwa kitu gani.

Sasa tulinganishe na Kampala. Mwaka 1962, Uganda ilipokaribia uhuru, kazi ya kutengeneza mnara wa kumbukumbu ilipewa Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya aliyesoma Makerere chini ya Margaret Trowell kisha akawa mwalimu hapohapo. Hakuagiziwa shaba ya London. Alitumia saruji, na ndani ya kimo cha mita zipatazo sita alimsimamisha mwanamke ambaye mwili wake bado umezungushiwa vitambaa vya kumfunga, miguu imebanwa pamoja, lakini mikono yake imekwisha kuwa huru, na kwa mikono hiyo anamwinua mtoto aliyenyoosha mikono juu. Angalia vizuri alichokifanya mchongaji yule. Hakumchonga rais wala waziri mkuu. Hakumwonyesha mtu aliyekwisha kufika. Alimwonyesha aliyefunguliwa nusu, ambaye kazi ya kujifungua iliyobaki bado iko mbele yake, naye anamtanguliza mwanawe. Serikali ngapi zimekuja na kuondoka Kampala tangu wakati huo, nyingine kwa mtutu wa bunduki, na hakuna hata moja iliyopata sababu ya kumwangusha mama yule, kwa sababu hakuwa mali ya kiongozi yeyote. Leo sura yake imo katika noti za Uganda. Kazi hiyo iliagizwa na serikali, ikatimizwa na mtu wa hapa, juu ya jambo lililowahusu watu wote. Hilo ndilo ninalolitetea.

Mtu anaweza kusema: ukoloni umekwisha, serikali ijitoe, mahali pa umma pabaki patupu, watu wapumzishe macho yao. Lingekuwa jambo jema kama lingewezekana, lakini angalia kinachotokea serikali inapojitoa. Kipilefti huchukuliwa na bango la kinywaji, la mtandao wa simu au la mkopo wa haraka. Ukuta wa shule unaotazama barabarani hupakwa rangi ya kampuni bure, na mwalimu mkuu hushukuru kwa kuwa bajeti ya rangi hakuwa nayo. Mtoto anayetembea kilomita tatu kwenda darasani hukutana na picha kubwa zilizotengenezwa kwa ustadi na kwa fedha nyingi, na zote zinamwambia neno moja: nunua. Sina ugomvi na biashara. Kampuni ina haki ya kutangaza bidhaa yake, nayo hulipia haki hiyo. Wapo pia wafanyabiashara waungwana wanaojitolea kupamba miji yao bila kudai chochote, na waendelee. Lakini mfadhili huchagua mahali panapomfaa yeye. Hufika kwenye makutano yenye magari mengi, mara chache sana hufika kwenye wodi ya wazazi ya zahanati ya kijijini. Fedha ya umma ndiyo pekee yenye deni kwa kila mtu kwa kipimo kimoja, awe mnunuzi wa kitu au asiwe.

Twende sasa kwenye pingamizi kubwa, lile la umaskini. Watu wanasema, na wanasema kwa uchungu wa kweli, kwamba nchi ambayo watoto wake bado wanakaa sakafuni darasani haina haki ya kununua picha. Kwanza tukubaliane kwenye hesabu. Utaratibu ninaoutetea ni ule ambao nchi nyingi zimeujaribu: kila jengo la umma linapojengwa, asilimia moja ya gharama yake hutengwa kwa kazi ya sanaa ndani yake au mbele yake. Ufaransa iliuanza mwaka 1951 kwenye majengo ya shule, nchi ikiwa bado inajijenga upya baada ya vita. Mji wa Philadelphia, Marekani, uliuweka katika sheria mwaka 1959. Tuseme halmashauri inajenga kituo cha afya kwa shilingi milioni 500. Asilimia moja ni shilingi milioni 5. Milioni 5 haziongezi daktari, wala kuzitoa hakuondoi chumba cha upasuaji. Tofauti za bei ya saruji na nondo ndani ya mwaka mmoja zinaweza kuwa kubwa kuliko hizo. Lakini milioni 5 zinatosha kumlipa mchoraji wa wilaya hiyo na vijana wake wawili wakajaza ukuta mzima wa mahali ambapo wajawazito husubiri tangu alfajiri, picha za mama anayenyonyesha, za chakula cha mtoto, za mito na milima wanayoijua, mahali ambapo leo pana ukuta wa rangi ya krimu na tangazo la kukataza simu.

Pili, historia haituonyeshi kwamba sanaa ni anasa ya walioshiba. Chukua Mexico. Mapinduzi yaliyoanza mwaka 1910 yaliiacha nchi ile imechoka, imefilisika, na wananchi wake wengi hawajui kusoma. Mwaka 1921 José Vasconcelos akawa waziri wa elimu. Alifungua shule, akapeleka walimu vijijini, akachapisha vitabu kwa wingi. Na kwa bajeti ya wizara hiyohiyo akawapa wachoraji kuta za majengo ya serikali. Diego Rivera aliingia katika jengo la Wizara ya Elimu mwaka 1923 na kumaliza mwaka 1928, akiwa amefunika zaidi ya mita za mraba 1,500 kuzunguka nyua mbili za ghorofa tatu. Katika picha mojawapo mwalimu wa kijijini ameketi chini, kitabu mkononi, amezungukwa na wazee kwa watoto wanaojifunza, na pembeni yupo mlinzi mwenye bunduki juu ya farasi, kwa kuwa nyakati zile kufundisha wakulima kulihitaji ulinzi. Katika nyingine mchimba madini anatoka shimoni, amenyoosha mikono kushoto na kulia, anapekuliwa asije akawa ameiba alichokichimba mwenyewe. Mkulima asiyejua kusoma aliyefika pale alijiona ukutani, katika jengo la serikali, kwa mara ya kwanza katika maisha ya taifa lake. Vasconcelos hakuchagua picha akaacha shule. Alielewa kwamba mtu anayeombwa aamini taifa jipya lazima alione, na kwamba walio wengi wakati ule wangeliona ukutani kabla ya kulisoma kitabuni.

Marekani yenyewe ilifanya hivyo ikiwa katika dhiki. Katika mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930, wakati karibu mtu mmoja kati ya wanne wenye uwezo wa kufanya kazi hakuwa na ajira, serikali ya Rais Franklin Roosevelt iliwaweka wasanii katika mpango uleule wa kuwapa kazi mafundi ujenzi na vibarua wa barabara. Kati ya mwaka 1935 na 1943 mpango huo wa serikali ya shirikisho ulizaa zaidi ya picha 2,500 za ukutani katika shule, hospitali na majengo mengine ya umma, pamoja na maelfu ya sanamu na michoro. Msanii alilipwa ujira wa kawaida wa wiki, kama dola 23 hivi, ujira wa mfanyakazi. Fundisho lake kwetu ni la kiuchumi kwanza: fedha ile iliishia kwa wachuuzi wa rangi, mafundi seremala, wenye nyumba za kupanga na mama wauza chakula wa mtaani. Na kwetu sisi, mwaka 1962, Tanganyika ikiwa na umri wa mwaka mmoja tu na hazina ndogo, Mwalimu Julius Nyerere katika hotuba yake ya Desemba kama Rais wa kwanza wa Jamhuri alitangaza kuunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Hakungoja utajiri. Aliona kwamba nchi isiyo na utamaduni wake ingebaki kundi la watu tu.

Pingamizi la pili lina uzito kuliko la kwanza, nalo ni la kujikweza na kula. Watu wanaogopa kwamba tukifungua mfuko huu, viongozi watajijengea sanamu zao, na wakandarasi watakula kumi kwa kila moja inayosimama. Hofu hii ina mfano wake Senegal. Mwezi Aprili mwaka 2010, nchi hiyo ilipotimiza miaka 50 ya uhuru, Rais Abdoulaye Wade alizindua Dakar mnara wa Mwamko wa Afrika, wenye urefu wa mita 49, uliogharimu takriban dola milioni 27. Iliyojenga ilikuwa kampuni ya Korea Kaskazini. Malipo yake yalipitia mpango wa ardhi ya serikali, na Rais akadai asilimia 35 ya mapato ya mnara kwa kuwa wazo lilikuwa lake. Wananchi waliandamana, na walikuwa na haki. Lakini nchi hiyohiyo ya Senegal ina mfano mwingine. Mwaka 1966, chini ya Rais Léopold Sédar Senghor, serikali ilianzisha katika mji wa Thiès karakana ya kufuma picha za kutundika ukutani. Mchoraji wa Kisenegali huchora, wafumaji wa Kisenegali huketi kwenye mitambo ya kufumia na kuigeuza michoro hiyo kuwa kitambaa kikubwa cha sufu chenye rangi, na kazi hizo zimepelekwa kupamba majengo ya umma ndani na nje ya nchi. Mnara ule uliacha ugomvi. Karakana iliacha ufundi mikononi mwa watu. Tofauti ya hayo mawili haitokani na uwingi wa fedha za umma. Inatokana na nani aliamua, nani alifanya kazi, na kitu gani kilibaki nchini baada ya sherehe.

Kwa hiyo jibu la hofu ya wizi ni kanuni, kama tunavyojibu wizi wa barabara na wa dawa. Hatujawahi kuacha kujenga barabara kwa sababu makandarasi wengine ni wezi. Tumedai zabuni, wakaguzi na taarifa. Kanuni za sanaa nazo zinaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja. Asilimia ijulikane na isizidi. Kiongozi aliye madarakani, na aliyetoka karibuni, asichongwe wala kuchorwa kwa fedha hizo. Kazi itangazwe kwa ushindani, na msanii wa nchi awe wa kwanza kupewa. Bei na jina la mlipwaji vibandikwe hadharani kwenye kazi yenyewe, mpita njia asome. Na sehemu ya fedha iwekwe kwa matunzo, kwa sababu picha iliyobanduka rangi na chemchemi iliyokauka na kugeuka jalala ni aibu inayomsema vibaya aliyeijenga kuliko kama asingeijenga kabisa.

Pingamizi la tatu ni la ladha: sanaa moja humpendeza huyu ikamchukiza yule, sasa serikali itajuaje lililo zuri? Kenya imetupa somo la karibuni. Mwezi Agosti mwaka 2024, Eldoret ilipojiandaa kupandishwa hadhi kuwa jiji, ilisimamishiwa sanamu za wanariadha, fahari ya eneo lile. Watu walipoziona walicheka na kukasirika kwa pamoja. Mashujaa wao hawakutambulika. Sanamu zikaondolewa. Wengine wakasema hilo lathibitisha kwamba fedha zisitumike tena. Mimi nalisoma vingine. Kilichokosekana hakikuwa vipaji, maana Kenya ndiyo nchi ya Kevin Oduor, aliyemchonga Dedan Kimathi anayesimama Nairobi tangu mwaka 2007, bunduki mkono mmoja na sime mkono mwingine, kazi ambayo watu huipita na kusimama kuitazama. Kilichokosekana Eldoret ni hatua ya katikati: mfano mdogo wa udongo uwekwe sokoni au ukumbini wiki kadhaa, watu wauone, waseme, mchongaji asikie na arekebishe, kabla ya senti ya mwisho kulipwa.

Hatua hiyo inahitajika hata pale ambapo msanii ni bingwa wa dunia. Mwaka 1981 serikali ya Marekani ilimlipa Richard Serra, mchongaji mwenye jina kubwa, dola 175,000 aweke kazi yake mbele ya majengo ya ofisi za serikali mjini New York. Aliweka ukuta wa chuma kilichoachwa kipate kutu, urefu wa mita zaidi ya 36 na kimo cha mita zaidi ya tatu na nusu, ukikata uwanja katikati. Wafanyakazi waliotumia uwanja ule kila siku kula chakula cha mchana na kupita kwenda kazini wakajikuta wanazunguka. Wakatia saini kwa mamia wakitaka uondolewe. Mwaka 1985 kikafanyika kikao cha hadhara, na wengi waliozungumza walitaka ubaki, wakiwemo wasanii na wataalamu. Lakini mwaka 1989 ulikatwa ukaondolewa. Wataalamu walikuwa na hoja juu ya uhuru wa msanii, na sitaki kuipuuza. Lakini mtu anayelazimika kuishi na kazi ya sanaa kila siku, asiye na njia nyingine ya kupita, ana sauti ambayo mtembeleaji wa makumbusho hana haja nayo, maana huyo wa makumbusho anaweza kuondoka. Uwanja wa umma si nyumba ya maonyesho. Watu waliulizwa wakati kazi imekwisha kusimama. Wangeulizwa mwanzoni, pesa ingeokoka na heshima ya msanii ingeokoka.

Pingamizi la nne linasemwa zaidi katika miji yetu ya pwani na Visiwani, na linastahili heshima. Waislamu wengi hawaridhiki kuona kodi yao inasimamisha sanamu za watu. Maimamu wa Senegal nao walilipinga jambo hilo juu ya mnara wa Dakar. Mimi naona pingamizi hili halifungi mlango wa sanaa ya umma. Linatukumbusha kwamba tumeifanya finyu mno kwa kuidhania kuwa ni sanamu tu. Pwani yetu ilikuwa na sanaa ya umma kabla ya Wareno kufika. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye mawe yenye tarehe ya mwaka 1107. Katika Kilwa ya karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alitumia utajiri uliotokana na biashara ya dhahabu ya Sofala kuupanua Msikiti Mkuu kwa matao na kuba za mawe ya matumbawe ambazo hata leo, zikiwa magofu, zinaletea nchi wageni. Pate na Lamu zilikuwa na siwa zao, moja ya pembe za ndovu na nyingine ya shaba, zimechongwa kwa nakshi na maandishi, zikipigwa katika shughuli kubwa za mji. Nakshi za milango, maandishi mazuri, vigae, bustani, mabaraza ya mawe ya kukalia wazee jioni: hizo zote ni sanaa, nazo zinangoja kuagizwa na halmashauri za Tanga, Lamu, Bagamoyo na Unguja. Kila mji useme kwa lugha ya macho inayokubalika kwa watu wake.

Mfano mzuri wa upana huo upo Johannesburg. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilipoanza, majaji walipewa randi 10,000 tu za kupamba. Jaji Albie Sachs na Jaji Yvonne Mokgoro walizitumia zote kununua kazi moja ya kufumwa ya Joseph Ndlovu, kisha wakaanza kuwaomba wasanii na wahisani, hadi mahakama ile ikawa na mkusanyo wa mamia ya kazi. Jengo lake lililofunguliwa mwaka 2004 limesimama penye gereza la zamani, na matofali ya sehemu ya gereza iliyobomolewa yametumika kulijengea. Mlango wake mkubwa wa mbao umechongwa haki 27 za Katiba kwa lugha rasmi za nchi na kwa alama za lugha ya viziwi. Mwananchi anayekuja na kesi yake anaweza kugusa kwa kidole haki anayokuja kuidai, katika lugha ya mama yake. Tujiulize, msikilizaji, mwananchi wetu anapofika mahakama ya wilaya anakutana na nini kinachomwambia kwamba nyumba ile ni yake.

Limebaki jambo moja ambalo kwangu ni zito kuliko pingamizi zote. Tunao wasanii, lakini ni mara chache tumekuwa wateja wao. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vibao vya dari, na kutokana naye kikazaliwa chama cha wachoraji kinachojulikana duniani. Wamakonde walileta uchongaji wa mpingo ambao makumbusho ya Ulaya huugombea. Lakini mnunuzi mkuu wa sanaa zote mbili, tangu mwanzo hadi leo, ni mgeni. Kwa hiyo picha imepunguzwa iingie kwenye sanduku la safari, na simba, twiga na Mlima Kilimanjaro vimechorwa na kuchorwa tena kwa sababu ndivyo anavyovitaka anayelipa. Mchoraji hana kosa. Ana watoto wa kulisha. Ila fikirieni mikono ile ingechora nini kama mteja angekuwa stendi ya mabasi ya Dodoma, hospitali ya mkoa wa Kigoma au soko la Kisumu: reli na walioijenga, mgomo wa makuli wa bandari, wanawake wa vyama vya uhuru, wavuvi wa ziwa, wapagazi wale wa vita vya watu wengine. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga, na mtunzaji wa kazi ya wote hawezi kuwa mtalii. Lazima awe sisi wenyewe, kwa njia ya kodi yetu.

Basi hoja yangu nimeifikisha mwisho, na ina kazi ndani yake kwa kila anayenisikia. Ibara ya 11 ya Katiba ya Kenya inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa na kuitaka serikali iendeleze sanaa. Tanzania inalo Baraza la Sanaa la Taifa kwa mujibu wa sheria tangu mwaka 1984. Maneno na vyombo tunavyo. Kinachokosekana ni kifungu katika bajeti na mwananchi wa kukiulizia. Diwani wako anapokuja kuomba maoni juu ya mpango wa mwaka ujao, muulize maswali matatu. Kwenye jengo jipya la umma, ni asilimia ngapi imetengwa kwa kazi ya msanii? Nani atamchagua msanii huyo, na mfano wa kazi tutauona wapi kabla haijalipiwa? Na baada ya miaka mitano, nani ataisafisha na kuitengeneza? Akikosa majibu, kikao kinachofuata muulize tena, mbele ya watu. Kodi ni yetu, kuta zile ni zetu, na tutakachowaachia watoto wetu wakitazame kila siku ya maisha yao tunakiamua sasa, ama kwa kusema ama kwa kunyamaza. Mimi nawaomba tuseme.